Nyani akisimama kwa miguu miwili bado siyo mtu: tuangalie nyonga, goti na unyayo (uzi mrefu)

Fundi Viungo

Mbukwenyi wana Dodoma, na salamu kwa wanajukwaa wote.

Kwenye ule uzi wa maumivu ya mgongo watu walibishana sana, wengine wanasema binadamu ni nyani tu aliyesimama, wengine wanasema nyani akifundishwa toka mdogo atatembea kama sisi. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia hapa mjini, nashika nyonga na magoti ya watu kutwa nzima, na kwetu ni Mpwapwa ambako nyani wanashuka toka kwenye miamba kuvamia mahindi na kuokota ubuyu, kwahiyo miili yote miwili naiona kwa karibu. Nina jambo moja la kusema hapa: kutembea wima huwezi kumfundisha mnyama ikaisha hapo, ule ni mwili uliojengwa upya kuanzia kiunoni kwenda chini, na huo ujenzi ulifanyika mamilioni ya miaka kabla ubongo haujawa mkubwa. Ushahidi mzito kabisa wa hilo uko hapahapa Tanzania, Laetoli, nitafika.

Kwanza mwangalieni nyani dume akiwa ameiba mahindi. Amekumbatia mawili matatu kifuani, mikono imejaa, anajaribu kukimbia kwa miguu miwili. Magoti yamekunja, kiuno kimekunja, kifua kimelala mbele, na kila akinyanyua mguu mwili mzima unarukia upande wa pili, kushoto kulia kushoto kulia, hatua chache tu anaangusha hindi ili apate mkono wa kushika chini. Mbio zake zinarudi hapohapo akiwa na miguu mitatu. Nguvu anazo nyingi tu, kinachomwangusha ni nyonga.

Sasa simama hapo ulipo. Weka kiganja pembeni ya nyonga yako ya kulia, chini kidogo ya mfupa wa kiuno, alafu nyanyua mguu wa kushoto. Umesikia pale chini ya kiganja panakaza? Ile ni misuli ya kando ya nyonga, inavuta fupanyonga lisidondoke upande ambao hauna mguu chini. Kila hatua unayopiga maisha yako yote kuna muda ambao umesimama na mguu mmoja, na hiyo misuli ndiyo inakushikilia. Mgonjwa ambaye misuli hiyo imelegea, labda kwa ajali ya bodaboda au mshipa wa fahamu umeumia, nyonga inadondoka upande na anatembea anayumba, na sisi tunamjua toka anaingia mlangoni.

Kwa nyani na sokwe mfupa wa nyonga ni mrefu na bapa, umelala mgongoni, kwahiyo hiyo misuli inakaa nyuma ya nyonga na kazi yake ni kusukuma mguu nyuma kama wa kupanda mti. Kwetu huo mfupa umekuwa mfupi, mpana, umejikunja kuzunguka pembeni hadi umekuwa bakuli. Misuli ni ileile, majina yaleyale kwenye kitabu cha anatomia, ila mfupa umehama na kazi imebadilika. Hapa ndipo ninapowaambia watu anzieni nyonga, msianzie ubongo.

Ukishuka chini kidogo, fupa la paja la mtu halinyooki wima, linaingia ndani toka nyonga hadi goti, ndiyo maana magoti yetu yanakaribiana na unyayo unatua karibu kabisa na katikati ya mwili. La sokwe limenyooka, miguu iko mbalimbali, lazima ayumbe. Na goti letu likinyooka linajifunga, unaweza kusimama foleni ya benki lisaa lizima paja halijachoka, sokwe akisimama anasimama amekunja magoti, na misuli yake haipumziki hata dakika.

Unyayo ndio umebadilika kuliko vyote. Dole gumba la sokwe limekaa pembeni kama la mkono, linashika tawi. Letu limerudi kwenye mstari na wenzake, unyayo umepata upinde, na nyuma ya kisigino kuna ile kano ndefu nene inayovutika na kurudi kila hatua. Sokwe kano yake hapo ni fupi sana. Juu kabisa, lile tundu la fuvu ambapo uti wa mgongo unaingilia, kwetu liko chini karibu katikati kwahiyo kichwa kimekaa juu ya shingo, kwa sokwe liko nyuma zaidi na kichwa kinaning'inia mbele.

Gharama ya kutembea ilipimwa mwaka 2007, watu na sokwe wakawekwa kwenye mashine ya kutembelea. Mtu anatumia nishati pungufu kwa karibu asilimia 75 kuliko sokwe kwa umbali uleule, ukizingatia uzito. Na sokwe ilikuwa ghali kwake atembee kwa minne au kwa miwili.

Karibuni kwa maswali, nitajibu nikitoka kazini.

Zabibu Kavu

Mkuu umeeleza vizuri sana, nimejaribu hiyo ya kiganja hapa ofisini Mtumba wenzangu wote wamesimama mguu mmoja. Naomba kuuliza viwili. Hii habari kwamba sisi na sokwe DNA ni asilimia 98 sawa ni ya kweli? Na kwamba sokwe ana nguvu mara tano ya mwanaume, je?

Fundi Viungo

Ya kwanza ni kweli, ukilinganisha herufi kwa herufi pale zinapolingana ni kama asilimia 98.8, jenomu ya sokwe, yaani DNA yake yote, ilichapishwa 2005. Ukihesabu na vipande vilivyoongezeka au kupotea tofauti inapanda. Sisi tuna kromosomu 46, yeye 48, na kromosomu yetu namba 2 ni mbili za zamani zilizoungana, alama ya kiungio bado inaonekana katikati.

Hiyo ya mara tano imekuzwa sana. Utafiti wa 2017 ulipima misuli yenyewe ukakuta msuli wa sokwe unazidi wa mtu wa ukubwa uleule kwa kama mara 1.35 tu. Sababu ni nyuzi. Sokwe karibu theluthi mbili ya nyuzi za misuli yake ni zile za haraka, zinazolipuka alafu zinachoka. Sisi tumegeuza, nyingi ni za polepole zisizochoka. Amepata kuvuta na kuruka, tumepata kwenda mbali. Hata hivyo usije ukapimana naye, hiyo 1.35 pamoja na mikono mirefu na meno yale inatosha kukuharibu.

Mwalimu wa Chamwino

Nashukuru kwa uzi. Nafundisha baiolojia sekondari, na kila mwaka kuna mtoto ananyoosha mkono, mwalimu, kama tulitoka kwa nyani mbona hawa wa milimani hawageuki watu? Naomba nijibu mimi hili kwasababu nimelijibu sana.

Hatukutoka kwa hawa nyani. Nyani wa Mpwapwa ni binamu wa mbali na sokwe wa Gombe ni binamu wa karibu. Na ushahidi wa pale ukoo ulipogawanyika nao uko kwetu, bonde la ufa la Rukwa, huko walichimba wakapata taya na meno ya wanyama wawili wa miaka milioni 25, wakatangaza 2013. Mmoja, Rukwapithecus, yuko upande wa ukoo wetu sisi na sokwe. Mwingine, Nsungwepithecus, yuko upande wa nyani, tumbili na mbega. Ina maana miaka milioni 25 iliyopita pande mbili zilishaachana, na toka hapo kila mmoja ameenda na njia yake. Nyani naye amebadilika sana, amekuwa fundi wa kutembea ardhini kwa minne, miguu na mikono inakaribiana urefu, anatembelea vidole vya mkono kiganja kikiwa kimeinuka toka ardhini. Hajabaki nyuma akisubiri kuwa mtu. Sisi na sokwe tumeachana baadaye sana, makadirio ya kawaida ni miaka milioni 6 au 7.

Nawaonyesha watoto na mkia. Nyani na tumbili wanao, sokwe na sisi hatuna, tumebaki na kifandugu. 2024 ilichapishwa kazi inayoonyesha kipande kidogo cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni moja kinachohusika na huo upotevu wa mkia, na sisi na sokwe wote tunacho.

Binti Kondoa

Samahanini wakubwa, mimi sisomi sayansi, nimesoma uzi wote na nimependa ila moyoni nina swali. Sisi tumefundishwa Mungu aliumba mtu kwa udongo. Nikikubali haya ya mifupa imani yangu naiweka wapi?

Fundi Viungo

Dada yangu hakuna samahani hapo, ni swali la heshima. Mimi ni muumini, Jumapili niko kanisani naimba kwaya, na Jumatatu nashika nyonga za watu. Mifupa inanieleza mwili ulipitia wapi na kwa muda gani. Nani aliyetaka iwe hivyo na kwanini, mifupa haisemi, na mimi sitaisemea. Wako waumini wengi wanaoona hivi na wako wasioona hivi, zungumza na kiongozi wako wa dini unayemwamini. Ninachokuomba ni kimoja, usiache kuangalia mfupa kwa kuogopa swali.

Mlinda Uwele

Mbona mnasahau mikono? Mimi nimekulia shamba la uwele huku Hombolo, kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kweleakwelea, kombeo mkononi toka alfajiri. Nyani pia tulikuwa tunawapiga mawe. Kundi zima, hata dume kubwa lenye meno marefu, linakimbia watoto wadogo, sababu jiwe linafika kabla ya mtoto. Na hata siku moja sijaona nyani amerudisha jiwe likafika.

Fundi Viungo

Hii nimeifurahia kuliko zote, na ina jibu lake kwenye bega. Nyani bamba lake la bega liko ubavuni, kifua chembamba, mkono unaenda mbele na nyuma kwa ajili ya kutembelea. Sokwe na sisi bamba liko mgongoni na mkono unazunguka kila upande, urithi wa kuning'inia matawini. Ila sisi tuna kitu cha ziada, bega limeshuka chini, kiuno kinajizungusha peke yake mbali na kifua, na ukivuta mkono nyuma kabla ya kurusha kano na misuli ya bega inavutika inaweka nguvu, alafu inaachia yote mara moja. Kuna utafiti wa 2013 uliopima warushaji, ukaeleza kwamba sokwe mwenye nguvu zote zile anarusha kama kilomita 30 kwa saa, na mtoto wa miaka 12 aliyezoea kurusha anampita karibu mara tatu. Kwahiyo wale nyani wa Hombolo walikuwa wanakimbia kitu halisi.

Na kidole gumba pia. Cha sokwe ni kifupi na vidole vingine virefu mno, hawezi kubana sindano ncha kwa ncha vizuri kama wewe.

mnyampaa halisi

Singida tupo! Kwenye hizo nyuzi za polepole naomba jina la kijana wetu liandikwe hapa, Alphonce Simbu, mtoto wa Ikungi, bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025. Saa 2:09:48, na Mjerumani nyuma yake muda huohuo, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Sokwe gani anaweza hiyo?

Fundi Viungo

Hakuna, mkuu. Hakuna sokwe wala nyani wa kumaliza hata robo yake kwa mwendo ule, na hapo misuli ni sehemu tu ya jibu, kuna jasho. Ngozi yetu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, kwa eneo lilelile tunamzidi sokwe kama mara kumi, na manyoya yamekuwa laini hayaonekani, kwahiyo upepo wa Singida ukipita juu ya jasho unapoza mwili wote. Wanyama wengi wenye manyoya wakikimbizwa jua la saa saba lazima wasimame wahemee. Alafu kalio. Kalio kubwa hivi hana mnyama mwingine wa ukoo wetu, na ukitembea tambarare halifanyi kazi sana, anza kukimbia ushike uone linavyokaza, linazuia kifua kisiangukie mbele. Kuna wataalamu wawili waliandika 2004 kwamba mwili wa mtu umeumbika kwa mbio ndefu na siyo kutembea tu, wenzao wengine hawajakubali yote, mimi kwa ninayoyaona kwenye miili ya wakimbiaji naegemea kwao.

Nesi wa Leba

Nimesoma kimya naona mnasifia nyonga tu, hamjasema nani amelipa hiyo bili. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi. Hilo bakuli mnalolisifia ndiyo njia ya mtoto. Sokwe anazaa peke yake porini, kichwa cha mtoto kina nafasi ya kutosha. Mtoto wa binadamu anaingia juu ameangalia pembeni, akifika katikati inabidi ageuke, kwa kawaida anatoka uso umeangalia nyuma ya mama, mabega nayo yanageuka. Mama mwenyewe hawezi kumvuta hivyo bila kumpinda shingo, lazima awepo mtu wa kupokea. Ndiyo maana huwa nawaambia wakwe wasiwaache mabinti kujifungulia njiani, haijalishi bibi yake alizaa tisa shambani.

Na bado mtoto anazaliwa ubongo haujafika hata theluthi ya ule wa mtu mzima. Wa sokwe anazaliwa amekomaa zaidi, anamshika mama manyoya wanaondoka. Wa kwetu hata shingo haibebi, tunamfunga kanga mgongoni.

Fundi Viungo

Asante sana mama, umeniwekea sehemu ambayo uzi ulikuwa umeipungukiwa. Naongeza bili nyingine moja ya kwangu, kiuno. Sisi tuna pingili 5 za kiuno na zinapinda kuingia ndani, ndiyo zinarudisha kifua juu ya nyonga. Sokwe anazo 3 au 4 na zimebanwa na mifupa mirefu ya nyonga, hawezi kupinda hivyo hata akitaka. Huo mpindo ndiyo umetusimamisha na huohuo ndiyo unaleta wagonjwa wangu wengi, uzito mwingi unakaa kwenye pingili mbili za mwisho.

Ila na faida ya mama zetu niiseme. 1986 kuna utafiti ulifanyika kwa wanawake wa Kikuyu na Wajaluo huko Kenya, ukakuta wanabeba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza nishati ya kutembea. Ukiona mama ametoka kisimani na ndoo kichwani anaongea na mwenzake shingo imenyooka, hapo unaona fuvu, uti wa mgongo na nyonga vimepangana wima vyote.

Msomi wa Makulu

Mkuu mimi napinga kidogo. Umesema huwezi kufundisha, lakini hata mtoto wa binadamu ule mwinamo wa fupa la paja hazaliwi nao, unakuja anapoanza kutembea. Asiyetembea kabisa haupati. Kwahiyo mazoezi yanajenga mfupa, kwanini isiwe hivyo kwa nyani?

Fundi Viungo

Hoja nzuri, na ni kweli kabisa kuhusu mtoto. Jibu liko Japani. Kule kuna kima wanaofundishwa kutembea wima kwa ajili ya maonyesho, toka wadogo, kila siku. Kiuno chao kinapata mpindo kidogo kweli na wanatembea vizuri kuliko wenzao wa porini. Lakini walipopimwa pumzi, kutembea kwa miwili bado kuliwala nishati zaidi kuliko kwa minne. Mazoezi yalitengeneza pale palipokuwa na nafasi ya kutengenezeka, ule mfupa mrefu wa nyonga haukugeuka bakuli. Mtoto wetu anazaliwa na bakuli tayari, kutembea kunamalizia kazi iliyokwishaanza.

Msomi wa Makulu

Hapo nimekuelewa. Na tulisimama kwasababu misitu ilikauka tukabaki kwenye mbuga, siyo?

Fundi Viungo

Ndivyo nilivyofundishwa na mimi, ila kuna kazi nzuri toka bonde la Issa, magharibi mwa nchi yetu, imetikisa hiyo hadithi. Sokwe wa Issa wanaishi kwenye nyasi na miombo, mazingira makavu ya wazi, siyo msitu mnene. Watafiti wakategemea hao watakaa ardhini sana na kusimama sana huko chini. 2022 wakatoa majibu: mara zinazozidi asilimia 85 sokwe hao waliposimama wima walikuwa juu ya miti, wanatembea kwenye matawi wameshikilia la juu kwa mkono. Sokwe wa leo siyo babu yetu, kwahiyo haithibitishi moja kwa moja, lakini inaonyesha kwamba kuishi penye miti michache peke yake hakutoshi kumshusha mtu chini. Na Ardipithecus, kiumbe wa kale wa Ethiopia wa miaka milioni 4.4, nyonga yake imeanza kubadilika huku dole gumba la mguu bado linashika tawi. Mimi hiyo picha inaniingia akilini kuliko ya nyani aliyetoka msituni akasimama achungulie juu ya nyasi.

Alafu ndiyo Laetoli niliyoahidi. Miaka milioni 3.66 iliyopita majivu ya volkano yalidondoka huko Ngorongoro, mvua ikayalowesha, viumbe wakapita, yakakauka yakagandisha nyayo. Timu ya mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey ilizifunua 1978, mstari wa karibu mita 27. Kisigino kinatua kwanza kimezama, dole gumba liko mstari mmoja na mengine. Taya lililopatikana hapohapo Laetoli ndilo mfano rasmi wa spishi nzima ya Australopithecus afarensis, ileile ya Lucy, yale mabaki maarufu ya mifupa toka Ethiopia, ambaye fupa lake la paja lina mwinamo kama wetu. Na ubongo wa hao watu ulikuwa mkubwa kuliko wa sokwe kidogo tu, wetu leo ni kama mara tatu yake. Zana za mawe za zamani kabisa tulizonazo, toka Lomekwi Kenya, ni za milioni 3.3, zimekuja baada ya nyayo. Mguu ulitangulia.

Binti Kondoa

Mkuu nimefurahi sana, nataka niwapeleke wanafunzi wa dada yangu likizo ya Desemba. Hizo nyayo zinaonekana mpaka leo?

Fundi Viungo

Zile za 1978 zilifukiwa upya makusudi miaka ya 1990 kuzilinda, mizizi ya miti ilikuwa imeanza kuziharibu. Ila nakala yake iko makumbusho ya Oldupai, watoto wanaweza kuiona na kupima hatua kwa macho. Waambie pia kwamba wataalamu wetu wenyewe, Fidelis Masao na Charles Musiba na wenzao, wakati wanachimba kupima eneo la kujenga makumbusho Laetoli walikuta nyayo nyingine mpya, zikatangazwa 2016, na mmoja wa waliopita alikadiriwa urefu wa sentimita 165 hivi. Kabla hujaondoka wavulishe viatu watembee kwenye mchanga uliolowa hapo Kondoa, wapige picha nyayo zao kwa juu, alafu wakifika Oldupai walinganishe kisigino na dole gumba. Ukiwa na picha ziweke hapa kwenye uzi.